Ukumbi wa kimya au uwanja wa shangwe: igizo lenu la Arusha au Moshi linataka lipi?

Vijana wa vikundi vya maigizo hapa Arusha, na wengine wa Moshi, wananiuliza sana hili swali na naona kila kikundi kinalijibu kwa mazoea tu, kwa hiyo ngoja niliweke lote hapa. Mna igizo, mazoezi yamekwiva, mnataka watu walipe kiingilio waje waangalie. Mtaonyeshea wapi, na watu watakaaje?

Njia kubwa ziko mbili. Moja ni ukumbi wa kufungwa: viti vimepangwa kwa mistari, taa za upande wa watu zinazimwa, simu zimezimwa, hakuna kula, watu kimya na makofi mpaka mwisho. Nyingine ni sehemu ya wazi, iwe bustani ya hoteli, uwanja wa shule au kiwanja chenye kivuli, watu wanakula na kunywa, wanamjibu muigizaji, wanapiga vigelegele, mtu anainuka anaenda kumtunza aliyemfurahisha, watoto wako mbele wamekaa kwenye mkeka. Nimesimama mlangoni kwenye zote mbili na nimelipa kiingilio nikakaa kwenye zote mbili. Msimamo wangu nausema mapema ili usisubiri: zote ni nzuri, na zote zinaharibika kwa sababu ileile moja, kwamba watu hawakuambiwa wanakuja kwenye ipi, na wahudumu wa mlangoni wameokotwa saa moja kabla ya shoo.

Kimya sio ustaarabu na shangwe sio ushamba

Hili naanza nalo kwa sababu linapotosha maamuzi ya wengi. Kuna watu wanaamini kabisa kwamba kukaa kimya ndio tabia ya walioendelea na wanaopiga vigelegele ni watu wa shamba, basi wanang'ang'ania ukumbi wa kufungwa hata kama igizo lenyewe ni kichekesho cha kuvunja watu mbavu. Jamani, hata huko Ulaya kimya ni kitu cha juzi. Enzi za Shakespeare pale London watu walikuwa wanasimama uwanjani mchana kweupe, wanakula, wanakunywa, wanaongea na waigizaji, na ukumbi wa Globe uliojengwa upya na kufunguliwa 1997 mpaka leo una nafasi ya watu kama 700 wa kusimama chini ya anga, mvua ikinyesha inawanyeshea na mwavuli hawaruhusiwi kufungua kwa sababu utamziba wa nyuma. Ile ya kuzima taa upande wa watu wote wakae gizani waangalie jukwaa tu ilipata nguvu sana baada ya Richard Wagner, mtunzi wa opera (maigizo ya kuimba), kufungua ukumbi wake pale Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kabla ya hapo taa ziliwaka, watu wakaangaliana nguo na kupiga soga.

Na walikuwa wakali sio mchezo. New York, tarehe 10 Mei 1849, mashabiki wa waigizaji wawili waliokuwa wanashindana, mmoja Mmarekani mwingine Muingereza, waligombana nje ya ukumbi wa Astor Place mpaka askari wakafyatua risasi, wakafa watu zaidi ya 20. Kisa igizo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba watu wa Arusha hawafai kwa sababu wanapiga miluzi.

Upande wa pili, shangwe nayo ina sheria zake, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Kule Japani kwenye maigizo ya kabuki kuna mashabiki wanakaa nyuma kabisa wanapaza sauti kulitaja jina la ukoo wa muigizaji, lakini wanapaza kwa wakati wake, muigizaji akiwa amesimama kwenye pozi, ukikosea sekunde umeharibu na wenzako watakushangaa. Sisi wenyewe miaka ya 1990 makundi ya sanaa kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) yalikuwa yanapiga shoo za saa nyingi, ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu, vyote usiku mmoja, na watu walijua vizuri kabisa ni wakati gani wa kuinuka na noti mkononi na wakati gani wa kutulia usikie maneno. Anayemtunza muimbaji hamzibi, anapita pembeni, anaweka, anarudi. Hiyo ni nidhamu, na inafundishika.

Halafu kuna mambo ya maigizo ya maendeleo. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, mwaka 1982 na 1983 walikaa na wanakijiji wa Malya kule Mwanza, wakatengeneza igizo pamoja nao kuhusu matatizo yao wenyewe. Igizo la namna hiyo ukiliweka kwenye ukumbi wa giza ukawaambia watu wanyamaze umelikata miguu, maana watu kuongea ndio kazi yenyewe.

Sauti, mvua na baridi

Hapa tuongee kama watu wa Kaskazini, tusiongee kama watu wa kwenye vitabu.

Faida kubwa ya ukumbi wa kufungwa ni sikio. Muigizaji anaweza kunong'ona na mtu wa mstari wa mwisho akapata, kama kuta sio za saruji tupu. Kuta za saruji na sakafu ya vigae sauti inagonga na kurudi, maneno yanavurugika, na hapo wengi wanakimbilia maiki, na maiki zikiingia igizo linakuwa hotuba. Pazia nzito au hata vitambaa vya kutosha ukutani vinasaidia sana, vijaribuni kabla ya kukodi spika. Na ukubwa wa ukumbi uangalieni: kumbi kubwa za mjini hapa, zile za AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa) kwa mfano, zilijengwa kwa ajili ya mikutano, mtu mmoja na maiki yake mbele. Kikundi cha waigizaji watano kikija pale na watu mia kinapotea, watu wametawanyika, kicheko hakiambukizi kwa sababu jirani yako yuko viti sita mbali. Heri darasa kubwa la chuo lililojaa fulu kuliko ukumbi wa heshima uliojaa robo.

Lakini ukumbi wa bati bila dari wakati wa masika, Machi mpaka Mei, ni hatari. Mvua ya Moshi ikianza kugonga bati hakuna sauti ya binadamu itakayoshindana nayo. Kama mnaonyesha miezi hiyo na ukumbi hauna dari, pangeni kabisa mtafanya nini mvua ikija: muigizaji mmoja awe na wimbo watu waitikie mpaka ipungue, na wahudumu wajue kwamba huo wimbo ukianza ndio wakati wa kufunga madirisha na kuangalia panapovuja. Msiseme tutaona hapo hapo.

Sehemu ya wazi maadui zake ni wengine. Muziki wa baa ya jirani, bodaboda, upepo unaochukua maneno, jenereta iliyowekwa karibu na jukwaa. Sikilizeni eneo siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayoonyesha, Jumamosi saa moja usiku sio sawa na Jumanne saa nne asubuhi. Angalieni na ratiba ya msikiti na kanisa la jirani, ni heshima na pia ni akili, mnapanga mapumziko yaangukie kwenye adhana ya magharibi na hakuna aliyekwazika, wa kuswali anaswali anarudi.

Baridi nayo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku watu wanatetemeka kweli na mtu anayetetemeka hacheki, anaangalia saa. Moshi iko chini zaidi, kuna joto, jioni ya wazi pale ni raha, ila mbu wapo. Kwa hiyo mimi binafsi Juni hadi Agosti Arusha nachagua ukumbi, au nachagua alasiri. Na hiyo alasiri watu wanaidharau bure! Jua huku kwetu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, ukianza saa tisa na nusu unamaliza kabla ya giza, huhitaji taa, huogopi umeme kukatika, mama mwenye watoto anarudi kwa daladala bila kuhangaikia bodaboda ya usiku.

Wachelewaji, hapa ndipo kazi ilipo

Kama kuna sehemu moja ya kusoma kwa makini kwenye haya yote ni hii.

Ukumbi wa kimya hauvumilii mchelewaji. Bayreuth milango inafungwa igizo likianza na ukichelewa unasubiri mapumziko, haijalishi umelipa shilingi ngapi na umetoka nchi gani. London kwenye kumbi nyingi mchelewaji anasimamishwa nje mpaka ipatikane sehemu inayofaa, mhudumu anaijua sehemu hiyo kwa sababu ameambiwa na watu wa jukwaani, ndipo anamuingiza kimyakimya na mara nyingi anamkalisha nyuma hata kama tiketi yake ni ya mbele.

Sasa leta hiyo Arusha. Mtu anatoka Usa River au Ngaramtoni baada ya kazi, amekwama kwenye foleni, ameacha watoto kwa dada yake, amefika dakika ishirini zimepita, halafu kijana wa mlangoni anamwambia hauingii. Atagomba, na kelele zake mlangoni zitasikika kuliko kama angeingia. Mimi sikubaliani na kufunga mlango kabisa huku kwetu, lakini pia sikubaliani na ile tabia ya kumsubiri kila mtu mpaka waliowahi wanakaa saa nzima wanaangalia pazia. Waliowahi ndio marafiki zenu wakubwa na ndio mnaowaadhibu. Jambo hilo linaniuma sana kila nikiliona, maana yule aliyewahi leo kesho atachelewa kwa sababu mmemfundisha.

Kwa ukumbi wa kimya fanyeni hivi: kwenye tangazo andikeni saa mbili tofauti, saa ya milango kufunguliwa na saa ya igizo kuanza, na ya pili mkiiandika muifuate. Dakika kumi za mwanzo ziwe za muziki au ngoma ambayo mtu akiikosa hapotezi stori. Mistari miwili ya nyuma karibu na mlango isiuzwe, iachwe kwa wachelewaji. Na chagueni sehemu mbili tatu kwenye igizo, tukio likiisha na taa zikibadilika, ndio mlango unafunguliwa. Mhudumu asikisie. Ajue.

Uwanja wa shangwe hapa unashinda kwa mbali. Mtu anaingia kwa pembeni, anapata kiti au anasimama kidogo chini ya mti, hakuna aliyeguswa. Sharti ni moja tu, njia ya kuingilia isipite kati ya jukwaa na watu. Nimeona viwanja vingi lango liko upande wa jukwaa, basi kila anayeingia anapita mbele ya muigizaji na mfuko wake wa mishikaki, na waliokaa wanamsalimia kwa jina. Geuzeni jukwaa. Ni kazi ya nusu saa asubuhi na inaokoa jioni nzima.

Simu

New York walitunga sheria kabisa mwaka 2003, simu ikilia kwenye ukumbi wa maonyesho faini dola 50. Na bado 2015 muigizaji Patti LuPone alimnyang'anya mtazamaji simu katikati ya igizo kwa sababu alikuwa anaandika meseji na mwanga unamulika. Siku hizi kuna kumbi na wasanii wanaotumia vifuko vya kufunga, simu unakaa nayo mwenyewe lakini haifunguki mpaka unatoka.

Kwetu simu ndio tochi, ndio pochi, ndio mtoto akiugua unapigiwa. Ukimwambia mtu azime kabisa wengi hawatazima, ukimwambia aweke sailensi na aigeuze kioo chini kwenye mapaja wengi wanakubali. Mwanga unasumbua kuliko mlio, mlio unaisha, mwanga wa mtu anayepitia stori za wenzake unakaa dakika kumi na unaonekana mpaka jukwaani.

Kwenye kurekodi ndio tofauti inakuwa kubwa. Ukumbi wa kimya: hakuna kurekodi, basi, na mseme kwa nini, kwamba muigizaji anaona flashi machoni anasahau mstari na igizo likishasambaa kesho hakuna wa kulipia. Uwanja wa shangwe ukikataza utashindwa na utakuwa umejinyima matangazo ya bure. Mimi naona dawa ni kuchagua kipande kimoja, wimbo wa mwisho au ngoma ya kufungua, MC anasema hapa toeni simu zenu mrekodi mtakavyo, halafu wimbo ukiisha anasema sasa turudishe mfukoni. Watu wanatii kwa sababu wamepewa chao. Hata ukumbi wa kimya unaweza kukopa hii wakati waigizaji wanainama kushukuru.

Watoto, bibi, na mtu wa kiti cha magurudumu

Huku uwanja wa wazi unashinda tena, ila usishinde kizembe. Mtoto anaweza kulia na mama akamzungusha bila kupita kwenye magoti ya watu kumi. Bibi anaweza kumuuliza mjukuu "huyu ndio yule mume?" na mjukuu akajibu. Lakini uwanja wa nyasi wenye mashimo mtu wa kiti cha magurudumu hafiki mbele, na viti vya plastiki kwenye ardhi laini vinazama. Nendeni mkakague.

Uingereza wana kitu kizuri sana ambacho tunaweza kukichukua hata kesho. Kwenye siku za maonyesho wanatenga siku moja kwa ajili ya watu wenye usonji, watoto wadogo na yeyote anayeshindwa kukaa tuli. Taa hazizimwi kabisa, sauti za kushtua zinapunguzwa, mtu anaruhusiwa kutoka na kuingia, kuna chumba cha kutulia. Igizo ni lilelile. Kama mna ukumbi wa kimya na mnaonyesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ile ya Jumapili alasiri ifanyeni hivyo muitangaze hivyo, mtashangaa familia ngapi zilikuwa nyumbani zikidhani maigizo sio yao.

Chakula sitakaa nacho sana. Ukumbini hapana, isipokuwa maji, na bisi zisubiri mapumziko. Uwanjani ndiyo, lakini jiko la mishikaki liwe mbali upande upepo unakoelekea na wahudumu wa vinywaji wasipite kuchukua oda wakati wa tukio zito. Wasubiri. Ongeeni na mwenye eneo kabla, mwandikiane, maana yeye anataka kuuza soda na nyie mnataka watu wasikie, na wote mna haki.

Wahudumu

Hapa nitakaa, samahanini.

Tarehe 30 Desemba 1903, Chicago, ukumbi mpya kabisa wa Iroquois uliungua alasiri wakati wa maonyesho yaliyojaa akina mama na watoto. Walikufa watu 602. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mageti yalikuwa yamewekewa kufuli ili wa viti vya bei rahisi wasishuke kwenye viti vya bei kubwa, na wahudumu hawakuwa wamefundishwa cha kufanya. Mtu alifunga geti ili kulinda bei ya tiketi, na watu wakafia pale. Na hapa hapa kwetu, Februari 1, 2020, watu 20 walifariki Uwanja wa Majengo pale Moshi walipokanyagana kwenye mkusanyiko wa ibada. Haikuwa igizo, lakini watu wengi, usiku, na njia ndogo ya kutokea ni vilevile popote. Kwa hiyo naomba sana, kabla hamjafikiria sare za wahudumu, mlango wa pili ufunguliwe kufuli na pawe na mtu amesimama pale shoo nzima ambaye kazi yake ni ule mlango tu. Viti visiwekwe kwenye njia hata kama watu wamezidi. Tiketi zikiisha ziwe zimeisha.

Kwa upande huu ukumbi wa kufungwa unadai wahudumu wengi na wenye mafunzo zaidi, uwanja unadai wachache ila wenye sauti na uso wa kuchangamka. Mjue hilo kwenye bajeti. Ukumbi: kila mlango mtu wake, mmoja wa tiketi, mmoja wa malipo ya simu maana foleni ya watu wanaosubiri meseji ya muamala ni ndefu kuliko ya wenye keshi, wawili wa kuelekeza viti na tochi ndogo zinazomulika chini, sio usoni. Uwanja: mmoja langoni, mmoja na watoto, mmoja anayezunguka, na MC ambaye kiukweli ndiye mhudumu mkuu, yeye ndiye anawafundisha watu waitikie wapi na watulie wapi.

Msiweke mabaunsa peke yao. Baunsa ana kazi yake ya kuzuia fujo, lakini sura ya kwanza anayoiona mtu aliyekuja na mkewe kuangalia igizo isiwe ya mtu aliyekunja mikono. Hata huko kwenye kumbi kubwa wahudumu wanateseka: Aprili 2023 pale Manchester igizo la muziki lilisimamishwa dakika chache kabla ya kuisha kwa sababu watazamaji wachache walikataa kuacha kuimba juu ya muimbaji, polisi wakaja. Watu wamenunua tiketi wakiamini wanakuja kuimba, ukumbi umeamini wanakuja kusikiliza, na aliyepigiwa kelele ni mhudumu wa mlangoni ambaye hakuandika tangazo wala kuuza tiketi.

Halafu namna ya kuongea. Kijana wa miaka ishirini hawezi kumwendea mzee wa watu akamwambia "zima simu". Hata kama ana haki, amekosea, na mstari mzima utakuwa upande wa mzee. Anainama, anaongea chini: "Shikamoo mzee. Samahani baba, naomba nikusaidie kuiweka sailensi, wenzetu wa nyuma mwanga unawafikia." Mzee atampa simu mwenyewe aiweke. Mama mwenye mtoto anayelia haambiwi atoke, anaambiwa "mama, pale nje kuna kiti na upepo mzuri, nitakuja kukuita tukio likianza jingine", na kweli aende kumuita. Wanaoongea kama wako sebuleni, mhudumu asiwapigie "shhh" kutoka mbali, asogee asimame karibu nao tu, mara nyingi inatosha. Mgeni aliyetoka kwenye safari ya mbuga na hajui Kiswahili apewe karatasi yenye stori kwa kifupi, hapo hatamuuliza jirani yake kila dakika.

Na wahudumu waone mazoezi ya mwisho. Bila hiyo hawajui kwamba yule anayepiga yowe kutoka kwenye watu ni muigizaji, wataenda kumtoa. Walisheni kabla ya shoo, walipeni hata kama ni kidogo, wasiwe wanafunzi wanaoambiwa watalipwa kwa kuangalia bure huku wamesimama nje wakikata tiketi.

Sasa mchague

Kama igizo lenu ni la maneno mazito, watu wawili watatu wanasemezana, siri inafichuka taratibu, chukueni ukumbi wa kufungwa, mdogo, mjaze, na mkubali gharama ya wahudumu. Hilo igizo uwanjani litakufa na mtawalaumu watu bure.

Kama ni kichekesho, ngonjera, lina ngoma ndani, au linazungumzia jambo la mtaa na mnataka watu wajibu, uwanja. Msilipeleke ukumbini ili lionekane la heshima.

Ya wanafunzi wa sekondari wanaosoma tamthilia darasani ni kesi yake. Wengi wanawaweka ukumbini na walimu kila kona wanawakemea, na kemeo la mwalimu linasikika kuliko kicheko cha mtoto. Ningewaweka ukumbini lakini kwa sheria za uwanja: wacheke, washangae kwa sauti, halafu mwisho waigizaji wakae chini wajibu maswali kwa nusu saa. Walimu wakae kati yao kama watazamaji.

Kama bado mko njia panda na ni igizo lenu la kwanza, mimi nawashauri uwanja, alasiri, miezi ya ukame, Moshi au Arusha yoyote. Makosa ya uwanjani yanasameheka, ya ukumbini yanaonekana yote. Ukumbi uje igizo la pili mkishakuwa na wahudumu waliozoea.

Lolote mtakalochagua liandikwe kwenye tangazo lenyewe pamoja na bei, maneno matatu tu, "igizo la kusikiliza" au "igizo la kushangilia", na kibali cha afisa utamaduni mkishughulikie mapema. Halafu siku yenyewe muigizaji mmoja, sio MC wa kukodi, atoke mbele kabla ya kuanza aseme kwa dakika moja: milango ya kutokea ni hii na ile, vyoo viko huku, simu tufanye hivi, mapumziko ni saa fulani, leo mnaruhusiwa kutujibu au leo tunaomba mtusikilize mpaka mwisho. Aseme kwa uso mkunjufu, asisome karatasi, na asianze mpaka aone mhudumu wa mlango wa pili amemnyoshea mkono kwamba yuko tayari.